Mwenye sauti na mwenye mashine: wanamuziki wa Kongo na kampuni zilizowarekodi

BARAKA, FIZI – Wazee wengi wa Fizi na Baraka wanazijua sauti za Wendo Kolosoy, Franco, Joseph Kabasele na Mwenda Jean-Bosco. Nyimbo zao ziliingia kwa redio, kwa sahani za gramafoni, kisha kwa kaseti, na leo zinachezwa kwa simu. Watu wamezicheza kwenye ndoa na matanga, na wengi wamekimbia vita wakiziacha nyumba na mali lakini nyimbo wakiwa nazo kichwani. Kuna habari moja tu ambayo wimbo hausemi: pesa yake ilikwenda kwa nani?

Swali hili linawagusa wakaaji wa hapa leo. Kwaya na vijana wanaoimba wanachanga pesa ili warekodi, wanamwachia mwenye studio kazi yao, na mara nyingi hawaandiki chochote. Baada ya miezi wimbo unasikika Uvira, Bujumbura au kambi ya Nyarugusu huko Kasulu, na hakuna anayeweza kuonyesha karatasi kwamba ni wao walioutunga. Mambo hayo yaliwapata pia wakubwa wa muziki wa Kongo. Historia yao inaonyesha yalivyotokea.

Maduka ya Léopoldville

Mwaka 1948, katika mji wa Léopoldville unaoitwa leo Kinshasa, mfanyabiashara Mgiriki aitwaye Nico Jeronimidis alifungua kampuni ya kurekodi muziki. Aliipa jina la Ngoma, neno ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa. Mwaka huohuo Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane walirekodi hapo wimbo "Marie-Louise", uliojulikana Kongo nzima na nje ya mipaka yake.

Wafanyabiashara wengine walifuata. Opika ilikuwa ya ndugu wa familia ya Benatar. Loningisa, jina la Kilingala lenye maana ya kutikisa, ilikuwa ya Mgiriki Basile Papadimitriou. Baadaye ikaja Esengo, yaani furaha, ya Dino Antonopoulos. Watu hao hawakuwa wanamuziki. Walikuwa wauza bidhaa waliogundua kwamba sauti ya Mkongo inauzika kama kitambaa au sabuni. Aliyenunua gramafoni alihitaji sahani, na aliyependa sahani alihitaji gramafoni. Duka lilipata faida pande zote mbili.

Sahani za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba wimbo wa dakika kama 3. Kurekodi kulifanyika Léopoldville, lakini kuchapa sahani kulifanyika Ulaya. Kwa hiyo mwanamuziki hakuweza kujua sahani ngapi zimechapwa, ngapi zimeuzwa wala kwa bei gani. Hesabu yote ilikuwa kwa mwenye duka.

Mara nyingi malipo yalikuwa ya mara moja. Mwanamuziki aliimba, akapewa kiasi fulani kwa kila wimbo, akaenda nyumbani. Sahani ikiuzwa kidogo, amepata chake. Ikiuzwa mpaka pwani ya Afrika Magharibi, amepata kilekile. Hata gitaa lenyewe mara nyingi lilikuwa mali ya studio. Mwimbaji asiye na chombo chake hakuwa na uwezo wa kukataa bei.

Lakini si haki kusema kwamba kampuni hizo hazikuleta faida yoyote. Bila mashine zao, sauti ya Wendo ingebaki kwenye mashua za mto Kongo, ambako alifanya kazi ya ufundi kabla ya kujulikana. Ziliwapa vijana vyombo, zikawapa mahali pa kujaribu, zikawakutanisha. Neno gumu ni kwamba jina lilimwendea mwanamuziki na mali ikabaki kwa mwenye mashine. Wendo mwenyewe alisahauliwa kwa miaka mingi, akarudi kurekodi akiwa mzee katika miaka ya 1990, na akafariki Kinshasa mwaka 2008.

Kijana wa miaka 15 na mkataba wa miaka 10

Mwaka 1953 kijana François Luambo, aliyekuja kuitwa Franco, aliingia Loningisa. Alikuwa na miaka 15 tu. Bowane alikuwa amekwisha kuhama Ngoma, na sasa alikuwa akiitafutia Loningisa vipaji vipya. Franco alifunga na kampuni hiyo mkataba, au kontra kama wengi wanavyosema hapa, wa miaka 10.

Hebu mzazi yeyote afikirie jambo hilo. Mtoto wa miaka 15, yatima wa baba, ambaye mama yake aliuza maandazi sokoni, anajifunga mpaka atakapofika miaka 25. Kwa upande mmoja ilikuwa bahati: alipata mshahara, gitaa zuri na walimu. Kwa upande mwingine, kila alichokipiga katika miaka ya nguvu zake kilikuwa cha duka.

Franco hakulalamika tu, alijifunza. Mwaka 1956 yeye na wenzake waliunda OK Jazz. Ndani ya studio ile aliona jinsi wimbo unavyogeuka sahani, jinsi sahani inavyogeuka pesa, na pesa inapotelea wapi. Elimu hiyo aliitumia baadaye.

Mwenda na "Masanga"

Wakati Léopoldville ikiimba Kilingala, Katanga ilikuwa na mpiga gitaa wake aliyeimba Kiswahili ambacho wakaaji wa Fizi walikielewa bila mkalimani. Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mwaka 1930, mtu wa Bunkeya, kwa Wayeke. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akamrekodi. Wimbo "Masanga" ulitolewa na Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini.

Sahani hiyo ilivuka mipaka. Vijana wa Nairobi walijifunza kuchezesha vidole kama Mwenda, na yeye mwenyewe alikaa kwa muda Kenya na kupiga muziki huko. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport nchini Marekani. Hata leo wapo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanaojifunza "Masanga" noti kwa noti.

Hapa tofauti na Léopoldville ni umbali. Mgiriki wa duka alikuwa mtaa wa pili, na mwanamuziki aliweza kwenda kumgombeza. Ofisi za Gallo zilikuwa Johannesburg. Mtu wa Likasi angeanzia wapi kuuliza hesabu? Mwenda alifariki mwaka 1990, na nyimbo zake zimeendelea kuchapwa na kuuzwa katika nchi ambazo yeye hakuwahi kuishi.

Mkongo anakuwa mwenye nyumba

Januari 1960 viongozi wa Kongo walikwenda Brussels kwenye mkutano wa kuamua tarehe ya uhuru. Joseph Kabasele na African Jazz yake walikwenda pia kuwapigia muziki, na huko wakarekodi "Indépendance Cha Cha". Mwaka huohuo Kabasele alifanya jambo jipya: aliunda chapa yake mwenyewe, Surboum African Jazz. Sahani zilichapwa Ubelgiji, lakini jina lililoandikwa katikati ya sahani lilikuwa la Mkongo. Hata OK Jazz ya Franco ilirekodi kwa chapa hiyo.

Wengi walifikiri kwamba sasa matatizo yamekwisha. Lakini mwaka 1963 wanamuziki wakubwa wa African Jazz, wakiwemo Docteur Nico na Tabu Ley Rochereau, walimwacha Kabasele wakaunda African Fiesta. Manung'uniko ya pesa yalikuwa miongoni mwa sababu. Mwenye nyumba alikuwa ndugu yao, mwenye lugha yao, lakini hesabu ilikuwa bado kwa mtu mmoja.

Jambo hilo lilirudi mara nyingi. Mpiga saksafoni Verckys Kiamuangana alikuwa OK Jazz. Alirekodi kando kwa jina lake, na mwaka 1969 akatoka kabisa, akajenga Editions Vévé. Alikuza bendi za vijana kama Bella Bella, Lipua-Lipua na Kiam. Aliwapa vyombo na studio, kama Mgiriki alivyomfanyia Franco. Ndugu wawili Soki wa Bella Bella walianzia kwake, kisha wakaachana naye ili wajitegemee.

Franco naye alikuwa na chapa yake, Editions Populaires. Mobutu alipotangaza mwishoni mwa 1973 kwamba biashara za wageni zipewe raia wa Zaire, kiwanda cha kuchapa sahani cha MAZADIS kilikuja mikononi mwa Franco. Kijana aliyejifunga miaka 10 kwa Papadimitriou sasa alikuwa na bendi, chapa na kiwanda. Na wanamuziki wa OK Jazz, ambao kuna wakati walifika makumi kadhaa, walipokea kutoka kwake kile alichoamua kuwapa. Wengine waliridhika, wengine wakaondoka.

Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba Mgiriki au Mbelgiji ndiye aliyeharibu. Rangi ya mwenye mashine ilibadilika. Desturi ya kulipa bila maandishi wazi haikubadilika.

Ng'ambo ya ziwa

Wanamuziki wengi wa Kongo walivuka kwenda mashariki, kwa njia zilezile ambazo watu wa Fizi wanazijua vizuri. Baba Gaston kutoka Katanga alifika Dar es Salaam na baadaye Nairobi. Orchestra Maquis na Ndala Kasheba walipata jina Tanzania. Super Mazembe na Les Mangelepa walikaa Nairobi.

Dar es Salaam hali ilikuwa tofauti na Kinshasa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha sahani, na studio kubwa ilikuwa ya serikali, Radio Tanzania. Bendi iliingia studio, ikarekodi, na kanda ikabaki kwenye maktaba ya redio. Wimbo ulipigwa nchi nzima na hata upande huu wa ziwa ukasikika, lakini kupigwa redioni hakukuleta mapato ya maana kwa mtunzi. Bendi iliishi kwa viingilio vya dansi. Sahani zilichapwa Kenya, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo nayo iliziba.

Nairobi kulikuwa na kampuni na viwanda, na kesi zake pia. Wimbo "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William kwa kampuni ya Equator ya Charles Worrod, kisha ukaimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M. Wimbo uliuzwa dunia nzima, na mabishano juu ya nani hasa aliutunga, Fadhili au mwingine, hayakuisha hata alipofariki mwaka 2001. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Karatasi ya siku ile ya kwanza ndiyo iliyokosekana.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na Wakongo. Wasikilizaji wengi wakisikia "Shauri Yako" wanataja Super Mazembe. Mtunzi wake ni Nguashi Ntimbo, aliyeuimba kwanza na bendi ya Festival du Zaïre. Mazembe waliurudia, na umaarufu ukawa wao. Jina la mtunzi likiachwa mara moja kwenye kifuniko cha sahani, linaweza kupotea kabisa kwenye midomo ya watu.

Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu mwaka 1947, alipata mlango mwingine. Kaseti yake ilifikishwa Uingereza kwa waandaaji wa tamasha la WOMAD, akaalikwa, na mwaka 1989 kampuni ya Real World ya Peter Gabriel ikatoa albamu yake "Songs for the Poor Man". Mtu aliyekuwa akiishi kwa viingilio vya dansi Dar es Salaam akapata kampuni yenye mauzo ya kimataifa. Lakini alikuwa amekwisha kuimba miaka mingi kabla ya hapo.

Kaseti, libanga na sheria

Kaseti ilivunja nguvu ya makampuni. Mtu yeyote mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kunakili albamu nzima kwa saa moja na kuiuza sokoni. Msikilizaji maskini alifurahi, na ni kweli kwamba vijiji vingi vya Fizi visingepata muziki kwa njia nyingine. Lakini sasa hata kiasi kidogo ambacho mwenye duka alikuwa akimlipa mwanamuziki kikakosa wa kukilipa.

Kinshasa wanamuziki walitafuta njia nyingine. Wakaanza kutaja majina ya matajiri ndani ya nyimbo kwa malipo, desturi inayoitwa libanga. Kampuni za bia nazo zikawachukua wasanii wakubwa kwa matangazo na ziara. Ndiyo sababu katika nyimbo za miaka hiyo majina ya watu yanafuatana kama orodha ya harusi. Sahani haikumlisha tena mwimbaji, basi aliuza nafasi ndani ya wimbo.

Sheria haikukosekana. Mwaka 1969 serikali iliunda SONECA, shirika la kukusanya haki za watunzi. Mwaka 1986 ilitolewa sheria ya haki za watunzi ambayo inamlinda mtunzi katika maisha yake yote, na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Franco alifariki Oktoba 1989. Hii ina maana kwamba familia yake ina haki mpaka 2039. Kwa Wendo ni mpaka 2058. Mwaka 2011 shirika jipya, SOCODA, lilichukua nafasi ya SONECA.

Tatizo ni kwamba shirika la Kinshasa haliwezi kumlipa mtu lisilomjua. Anayetaka kulipwa lazima aandikishwe, na wimbo wake uandikishwe kwa jina lake. Kutoka Fizi mpaka Kinshasa ni safari ambayo hata mgonjwa mahututi haiwezi kirahisi, na kwa mwimbaji wa kwaya ni ndoto.

Wimbo mmoja, haki mbili

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba wimbo uliorekodiwa una haki mbili ndani yake. Ya kwanza ni ya aliyetunga maneno na sauti. Ya pili ni ya mwenye rekodi yenyewe, yaani aliyegharamia kazi ya studio na kushika ile nakala ya kwanza ambayo nyingine zote zinatoka kwake. Wagiriki wa Léopoldville walishika ya pili, na kwa malipo ya mara moja wakafaidi na ya kwanza pia. Kabasele na Franco walipata nguvu pale waliposhika zote mbili.

Kwaya ya Baraka inapolipa studio kwa pesa zake, yenyewe ndiyo iliyogharamia. Mwenye mashine amelipwa kazi yake, kama fundi cherehani aliyelipwa kushona: hawezi kubaki na gauni. Lakini asipoandikiwa hivyo, na nakala ya kwanza ikabaki kwake, atakayeutia wimbo kwenye YouTube na kupokea mapato yake anaweza kuwa yeye.

Kwa waliohama makwao jambo hili lina uzito zaidi. Kwaya iliyorekodi pamoja inaweza leo kuwa imegawanyika: wengine wamebaki Fizi, wengine wako Nyarugusu, wengine wamepelekwa Marekani au Australia. Mmoja ana rekodi kwenye kompyuta, mwingine ndiye aliyetunga, wa tatu ndiye aliyelipa studio. Ndivyo African Jazz ilivyovunjika, na hao walikuwa wakiishi mji mmoja.

Ulinzi wa kwanza hauhitaji mwanasheria wala safari ya Kinshasa. Ni ukurasa mmoja wa daftari wenye jina la wimbo, jina la mtunzi, majina ya walioimba na kupiga, tarehe, mahali, nani alilipa studio na kiasi gani, nani anashika nakala ya kwanza, na pesa ikipatikana itagawanywaje. Mwenye studio atie sahihi, na mashahidi wawili watie zao. Kisha ukurasa upigwe picha, na picha itumwe kwenye simu za watu watatu au wanne walio sehemu tofauti. Nyumba ikiungua au kijiji kikikimbia, karatasi itakuwa imekwisha kuvuka.

Ukurasa huo hautaleta pesa kesho, lakini siku mtu mwingine atakapodai wimbo, utaonyesha ni nani aliyeutunga. Waliogombania "Malaika" hawakuwa nao.